Chupa ya Beaujolais Kando ya Mtungi

Mume wangu alisema uongo mmoja ambao mimi ni shahidi wake. Pengine alisema na mwingine, sikuishi ndani ya moyo wake, lakini huu niliusikia kwa masikio yangu nikichambua mchicha, naye amekaa kwenye kigoda, simu ameikandamiza sikioni kwa sababu mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Aliulizwa kama ile divai aliyopewa alikwisha kuinywa. Akajibu, "Tuliinywa, Padri. Ilikuwa tamu kama asali."

Chupa yenyewe ilikuwa hatua nne kutoka pale alipokaa, ndani, kando ya mtungi wa maji. Haijafunguliwa.

Alipokata simu hakunitazama. Mimi nami sikumwuliza. Niliendelea na mchicha wangu hadi nikajikuta nimetupa majani na kubakiza vijiti. Mume wangu alifariki mwaka jana, mvua zilipokuwa zinakatika, na uongo ule nikaurithi mimi, pamoja na baiskeli, mizinga na koti lake la kurinia asali.

Nianze na asali, kwa sababu bila asali habari ya divai hii haieleweki.

Tunaishi Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Tunalima mahindi, karanga na viazi vitamu kama majirani wote, lakini mume wangu alikuwa kwanza mrina asali. Mizinga yake ya magome aliitundika katika misitu ya miombo, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Maneno yake yalikuwa machache. Nyuki hawapendi kelele, alisema, na nadhani sisi wa nyumbani alituhesabu pamoja na nyuki.

Alikuwa na desturi aliyoipata kwa baba yake. Hakumpa mtu asali, wala pombe, wala hata togwa, bila kuonja yeye kwanza mbele ya macho ya anayepokea. Wazee wengi wa huku hufanya hivyo, lakini katika ukoo wake jambo hili lilikuwa na uzito wa peke yake. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi katika njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji. Katika njia ile mtu alipikiwa na asiyemjua, akalala kwa asiyemjua. Wanasema ndugu wa mpagazi huyo alikunywa pombe kambini kabla mwenye pombe hajaionja, na asubuhi hakuamka. Kama ni kweli au si kweli, sijui. Ninachojua ni kwamba tangu hapo, katika ukoo ule, kinywaji ambacho mtoaji hajakionja hakinywewi. Hawamshuku mtoaji. Wanasema tu kwamba kinywaji hicho hakijatolewa bado. Kimeletwa.

Padri aliijua desturi hiyo tangu mwaka wake wa kwanza. Alikuja parokia yetu sisi tukiwa hatujapata mtoto, naye kijana mrefu, masikio yameungua jua. Mume wangu akampelekea asali ya kwanza ya msimu kwenye bakuli. Akamega kipande cha sega, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna, akatema nta, ndipo akalisogeza bakuli mbele.

Padri akamtazama. "Umeshindwa kuvumilia?"

"Naondoa wasiwasi, Padri."

"Wasiwasi wa nani? Mimi sina."

"Wa tumbo lako. Lenyewe halinijui."

Padri alicheka hadi akashika ukuta. Baada ya hapo, kila msimu, karibu miaka arobaini, alisimama mikono nyuma na kusema, "Haya, ondoa wasiwasi," akangoja kipande cha kwanza kiliwe na mwenyewe.

Kwao ni Ufaransa, sehemu inayoitwa Beaujolais. Alituandikia jina hilo nyuma ya kalenda akatufundisha kulitamka. Mimi niliishia darasa la saba, na ramani pekee ninayoijua vizuri ni ile iliyochorwa kwenye ukuta wa shule yetu. Lakini kwa jinsi alivyosimulia, naweza kutembea kwao bila kupotea. Ni vilima vya mviringo, kama watu waliolala ubavu. Upande wa mashariki chini kuna mto mpana usio na haraka. Kusini nyumba ni za mawe ya rangi ya asali iliyoganda. Kwao yeye, kaskazini, jiwe ni gumu, na likilika linakuwa mchanga mwekundu mwekundu.

"Mchanga kama huu," alisema siku moja, akiuchota uani kwetu. "Mngenifunga macho mkanileta hapa, mikono yangu ingesema nimefika nyumbani."

"Basi kwenu ni maskini," mume wangu akamjibu. "Mchanga huu bila samadi hauzai kitu."

"Maskini sana. Na mzabibu wetu unapenda umaskini. Ukiupa udongo mnono unakuletea majani matupu."

Alituambia kwamba mzabibu wa kwao wa zamani ni mfupi, kichaka cha kufika kiunoni, na kila mche unasimama peke yake. Mwezi wa tisa watu wanavuna kwa mkono, wameinama tangu asubuhi, migongo inalia. Lazima wavune kwa mkono kwa sababu shada linatakiwa liingie kwenye pipa likiwa zima. Hawalipondi. Wanajaza pipa, wanafunika, na zabibu zinaanza kuchacha kila moja ndani ya ganda lake.

Hapo mume wangu aliacha kuchonga mpini aliokuwa anauchonga. "Ndani ya ganda lake?"

"Ndani ya ganda lake."

"Kama asali kwenye sega."

"Kama asali kwenye sega," Padri akasema, na nilimwona amefurahi, kama mtu aliyetafuta mfano huo muda mrefu akaletewa na mwingine.

Divai inayotoka humo ni nyekundu nyepesi. Ukishika glasi unaona kidole chako upande wa pili. Wanaipenda ikiwa na ubaridi kidogo, na nyingine wanainywa ikiwa changa kabisa, mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule wa mavuno, majirani wanaitana. "Kuna divai za mabwana, zinasubiri miaka," alisema. "Yetu inanywewa na watu waliochoka."

"Kama togwa," nikasema mimi.

"Kama togwa, mama. Umeielewa kuliko wengi."

Mume wangu peke yake hakuridhika. Yeye asali yake ilikaa miaka bila kuharibika. Aliuliza, kitu kisichokaa mnakisafirishaje? Padri akasema, hakisafiri sana. Ndiyo maana inabidi mje.

Hatukwenda, bila shaka. Kaka yake Padri ndiye aliyebaki kule na shamba la wazazi wao, akililima peke yake, hana mke wala mtoto.

Miaka minane iliyopita Padri alirudi kutoka likizo akiwa amekonda. Kaka yake alikuwa amefariki. Shamba liliuzwa na aliyelinunua akaing'oa mizabibu. Katika divai ya mavuno ya mwisho ya kaka yake, Padri alipata chupa moja tu, akaisafirisha hadi Tabora imevishwa soksi zake. Alisema ataifungua siku atakapopata nguvu. Nguvu hazikuja, na wakubwa wake wakamwita arudi kwao kutibiwa.

Asubuhi ya kuondoka gari lilisimama mbele ya nyumba yetu, injini inaunguruma, maana walikuwa wanawahi ndege. Alishuka taratibu, akampa mume wangu ile chupa.

"Hii ni ya kaka yangu. Ya mwisho. Msiiweke. Inyweni kabla ya mvua."

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akabaki ameishikilia mbele ya kifua. Mimi nilijua anasubiri nini. Nilitaka kukimbilia ndani nilete kikombe, lakini dereva alipiga honi. Padri akatuwekea mikono vichwani, akatubariki, akapanda, wakaondoka. Vumbi lilitulia na mume wangu bado ameiinua chupa vile vile.

"Hakuonja," akasema.

"Mgonjwa yule. Tena amechelewa."

"Najua." Akageuka kuelekea mlangoni. "Ataonja akirudi."

Aliichimbia chupa kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi, mahali penye ubaridi kuliko pote katika nyumba yetu. Mvua zikaja, zikapita. Nisijisafishe: mimi nilitaka tuifungue. Sikuwa na kiu nayo, nilitaka tu kuona kama kweli kidole kinaonekana upande wa pili. Na siku moja tulipokosana, sikumbuki hata kwa sababu gani, nilimwambia nitaipasua chupa yake. Aliichomoa, akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha.

Padri hakurudi. Alipelekwa kwenye nyumba ya mapadri wazee huko huko kwenye vilima vya kwao, akawa anapiga simu Noeli na Pasaka. Pasaka ya kwanza ndipo alipouliza habari za divai, na mume wangu akatoa lile jibu.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Kumwambia mgonjwa "hatukuinywa kwa sababu hukuonja" ni kama kumwambia tulikuogopa. Na kumwambia "tunakusubiri" ni kumkumbusha kwamba hatarudi. Kati ya maneno hayo mawili mume wangu hakupata la tatu, akachukua uongo. Mtu ambaye hata mwaka wa ukame, nyuki walipohama, hakuchanganya asali yake na sukari.

Alianguka kwenye tuta la viazi saa nne asubuhi. Nilikuwa tuta la pili. Hilo nitaliacha hapo.

Msibani kwetu watani ndio wanaofanya kazi na ndio wanaochekesha. Mtani wetu ni jirani, mwanamke wa Kigogo aliyeletwa Tabora na ndoa ya mtu wa reli. Wagogo na Wanyamwezi wanataniana tangu misafara, wapagazi walipopita nchi yao wakiomba maji. Siku ya pili ya matanga alivaa lile koti la kurinia, akafunika uso kwa chandarua, akajifanya anafukuzwa na nyuki kuzunguka uwanja mzima huku anapiga kelele, "Nisameheni, nilikuwa naonja tu! Naonja tu, jamani!" Watu walicheka kwa machozi. Mimi sikuwa nimelia makaburini, na sikucheka pale. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kama gunia.

Kisha akaingia ndani kutafuta maji, na sauti yake ikatokea huko.

"Njooni muone! Mcha Mungu alikuwa na mke wa pili! Tena Mzungu, kajificha nyuma ya mtungi!"

Akatoka ameibeba chupa mgongoni kwa kanga kama mtoto. Wifi yangu, dada wa marehemu, akamkemea airudishe, ile ni ya Padri, haijaonjwa. Mtani akasimama.

"Ina muda gani humu?"

"Miaka saba," nikasema.

Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Yeye amezaliwa Dodoma, shambani kwa baba yake kuna zabibu, amezivuna tangu utoto. Nikaona utani umemtoka usoni. "Wanyamwezi nyie," akasema polepole. "Huenda imeshakufa hii. Kubeba mnajua. Kutua hamjui."

Baada ya arobaini, Padri alitupigia kwa simu ya mtani huyo huyo, maana ya kwake inaonyesha picha. Sikuwa nimemwona tangu siku ya gari. Alikuwa amekuwa mdogo, shingo imepotea ndani ya kola, lakini masikio yale yale. Kando yake alikaa sista aliyemshikia simu.

"Mwadila, mayu," alinisalimu kwa Kinyamwezi. Nikaitikia. Akasema pole, akasali sala fupi.

"Mama, nataka kukuuliza jambo, usinicheke. Ile divai ya kaka yangu. Marehemu aliniambia tamu kama asali, lakini yeye kila kizuri kilikuwa kama asali. Wewe una ulimi wa jikoni. Niambie ilikuwaje."

Macho yangu yalikwenda mlangoni, upande wa mtungi.

"Kaka yangu alikufa kabla hajaniambia mwaka ule ulitoka vipi," akaendelea. "Mwaka wake wa mwisho. Nimewauliza watu, hakuna aliyebakiwa na chupa. Mizabibu imeng'olewa. Waliomwonja kaka yangu mwaka ule ni ninyi wawili, na mmoja ametangulia. Nami siko mbali."

Mtani alikuwa nyuma ya simu, ananikodolea macho.

"Padri," nikasema, "nipe siku tatu."

"Siku tatu za nini?"

Ningeweza kusema za kukumbuka. "Za kukujibu," nikasema.

Simu ilipokatika mtani alinivamia. "Siku tatu! Yesu mwenyewe alitumia siku tatu kwa jambo kubwa zaidi!" Kisha akakaa karibu yangu, akashusha sauti. "Sikiliza, mtani. Nitakufundisha. Mwambie ilikuwa nyepesi, ina uchachu kidogo wa kuamsha ulimi, inanukia matunda. Divai zote nyekundu changa ziko hivyo. Atalia kwa furaha, atakufa na amani, na mumeo atabaki msema kweli. Unapoteza nini?"

Sikuona ninapoteza nini. Niseme ukweli, niliyakariri maneno yale. Nyepesi, uchachu kidogo, matunda. Niliyakariri nikipalilia, nikiteka maji. Siku ya pili nilikuwa nayasema vizuri hata mimi mwenyewe nikaanza kuiona glasi.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Nilikwenda kuchota maji ya kunywa, nikainama kwenye mtungi, na chupa ikawa pale karibu na goti langu, imefutwa vumbi. Nani ameifuta? Niliifuta mimi, asubuhi, bila kufikiri, kama alivyokuwa anaifuta yeye. Nikakaa chini sakafuni. Mume wangu alisema uongo akaendelea kuitunza chupa, kila juma, miaka saba. Kwa hiyo kwake jambo lilikuwa bado halijaisha. Alikuwa bado anamsubiri yule mtu. Mimi kama ningesema maneno ya mtani, nani angesubiri tena? Mzee angekwenda na ladha niliyoikariri mimi nikiwa kwenye tuta la karanga, akidhani ni kaka yake. Na yeye kaka yake alikuwa mle ndani ya chupa, kama bado yumo.

Pale sakafuni ndipo nililia. Wiki ya saba.

Siku ya tatu nilimwambia mtani apige. Padri alipotokea nilisema haraka, nisije nikarudi nyuma.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Hatukuinywa."

"Milele, amina. Hamku... nini?"

"Divai hatukuinywa. Ipo hapa. Mume wangu alikudanganya, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Hukuonja, Padri. Siku ile ulimpa, ukapanda gari, hukuonja. Yeye alisema utaonja ukirudi."

Niliiinua chupa mbele ya simu. Aliitazama. Alimwomba sista asogeze simu karibu, akaitazama tena. Nilijiandaa kusikia lolote. Kwamba nimemvunjia heshima, kwamba nimeharibu kitu kisicho na mwenzake. Hilo la pili lingekuwa kweli.

"Miaka arobaini," akasema mwishowe. "Miaka arobaini nimekula asali ya mtu huyu, na hakuna hata mwaka mmoja aliosahau kuonja. Mimi nilimpa mara moja tu." Akashika paji la uso. "Mara moja, nikasahau."

"Ulikuwa mgonjwa, Padri."

"Ndiyo maana akasema tamu kama asali! Nilishangaa, mama. Divai yetu haina sukari. Nikasema, labda nyuki wamemharibu ulimi." Alikuwa anacheka na kupangusa macho kwa wakati mmoja, na sista akamsemesha kwa lugha yao, akamjibu maneno mengi. Kisha akanigeukia. "Usiifungue leo. Jumapili, baada ya misa. Nami nitajiandaa."

"Padri, mtani wangu anajua zabibu. Anasema huenda imekufa."

"Nami najua zabibu. Huenda. Utaniambia."

Jumapili tulikaa barazani, mimi, wifi na mtani. Mtani alikuja na skrubu ndefu na koleo la mumewe. Simu tuliiegemeza kwenye bakuli la asali. Padri alikuwa amevaa shati jeupe, amechana nywele zake chache. Mbele yake palikuwa na glasi, na ndani yake divai nyekundu ya kina cha kidole kimoja. Sista alituambia, Padri akitafsiri, kwamba daktari ameruhusu kidole, hakuruhusu viwili.

"Hii si ya kaka yangu," Padri akasema. "Shamba lake halipo. Lakini ni ya kilima kile kile, ng'ambo ya njia tu, na mchanga ule ule. Itatosha?"

Nilimtazama wifi, kwa kuwa huo ni ukoo wake. Yeye ni mtu mkali. Alifikiri kidogo. "Itatosha," akasema. "Ni mkono wake ule ule uliotoa."

Padri aliinua glasi. Nilitazama sana, na kweli, kidole chake kilionekana upande wa pili. Akanywa. Akameza. Akafungua kinywa akatuonyesha, kama anayekunywa dawa mbele ya muuguzi.

"Naondoa wasiwasi," akasema.

"Wa nani?" mtani akadakia. "Sisi Wagogo hatuna!"

"Wa marehemu."

Basi mtani akaingiza skrubu, akavuta kwa koleo, chupa ameibana magotini, anatukana skrubu na Wanyamwezi na Wafaransa kwa zamu. Kizibo kilikatika katikati, nusu ikazama. Tukaichuja kwa chujio la chai ndani ya vikombe vya bati, kisha mimi peke yangu nikamimina yangu kwenye glasi, kwa sababu nilijua ataulizia rangi.

"Rangi," akasema.

"Si kama yako, Padri. Ni kahawia. Kama chai ya maua ya choya iliyolala siku mbili. Wekundu upo katikati, kidogo."

"Harufu."

"Majani makavu ya miombo. Ngozi. Kuna siki ndani yake." Niliinusa tena. "Siki si nyingi."

"Onja sasa."

Nilionja. Wote watatu walikuwa wananitazama, mtani ameshika kikombe chake bila kunywa, midomo inachezacheza: nyepesi, uchachu kidogo, matunda. Alikuwa ananikumbusha. Hata wakati huo alikuwa ananipa mlango.

"Ni chungu mwanzoni," nikasema. "Yaani chachu, inakaza mashavu. Halafu katikati hamna kitu, Padri. Ni kama nyumba iliyohamwa. Si nzuri. Imekaa sana na ni sisi tulioikalisha."

Akatikisa kichwa taratibu, macho chini. "Ndiyo. Miaka minane tangu mavuno."

Nikadhani imekwisha. Lakini ladha ilikuwa bado inatembea nyuma ya ulimi, nikanyoosha mkono asikate. Nikanywa tena funda dogo, nikafumba macho.

"Ngoja. Mwishoni kuna kitu. Ukishameza. Kuna ntalali."

"Ntalali?"

Ntalali ni vitunda vyeusi vidogo vya porini kwetu. Padri aliwahi kuvila sana alipokuwa akienda vigango kwa pikipiki. Alikuwa anarudi ulimi mweusi, watoto wa mafundisho wanamcheka.

"Ntalali zilizoiva zikaanguka chini," nikasema. "Si za juu ya mti. Za chini. Ni kidogo, Padri, na inakwisha upesi. Lakini ipo. Mtani, onja, niambie kama nasema uongo."

Mtani akanywa. Akaramba midomo, akanywa tena. "Ipo," akasema. "Mungu wangu, ipo." Wifi naye akaonja, akakunja uso kwa ule uchachu, kisha akaitikia kwa kichwa.

Padri alikuwa amefumba macho. Alianza kusema kwa lugha yao, na sista akachukua kalamu akawa anaandika, hata nikafahamu kwamba anarudia maneno yangu, moja baada ya lingine, pamoja na nyumba iliyohamwa.

"Kwetu kuna tunda jeusi dogo la kwenye miiba ya njiani," akasema alipomaliza. "Kaka yangu kila mwaka alikuwa akinusa pipa anatafuta tunda hilo. Miaka mingi halikuja. Likija, alimwita kila mtu, hata asiosemezana nao." Akafungua macho. "Ulikuwa mwaka mzuri, basi. Mwaka wake wa mwisho ulikuwa mzuri."

"Mimi nimeonja ntalali tu, Padri. Mwaka siujui."

"Najua. Ndiyo sababu nakuamini. Ungesema nzuri yote, ntalali nisingeiamini."

Sista akamwonyesha saa. Akatuaga mmoja mmoja, mtani akamuaga kwa kumwambia siku nyingine alete ya kutosha, kidole ni cha kuku. Kisha picha ikaganda uso wake umeinama kwenye glasi, akimalizia tone, ikapotea.

Mtani alitaka iliyobaki kwenye chupa tuifanye siki ya kachumbari, na ni wazo zuri, nilimpa nusu. Wifi alichukua kidogo akaenda nayo nyuma ya nyumba, upande wa makaburi, sikumfuata na sikumwuliza.

Iliyokuwa kwenye glasi niliinywa mimi, yote, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake. Haikuwa nzuri. Niliimaliza, nikaosha glasi, nikaenda kusawazisha mchanga pale kando ya mtungi.